Entebbe ya pembeni kwa siku moja: mwongozo kamili wa kutembea kwa miguu na kuvuka kwa kivuko

Wasomaji wa Kampala na Mbarara, na hata wanaotoka Kisumu na Bukoba, huniuliza jambo lilelile wakisharudi Entebbe: mbona siku yao iliharibika? Wengine walifika Nakiwogo, mwalo wa mji huo kwenye Ziwa Viktoria, wakakuta feri imekwisha kuondoka na jua linazama. Wengine walipanda chombo wakidhani ni cha kwenda ng'ambo na kurudi, wakajikuta kisiwani Kalangala usiku, bila pesa ya kulala. Kundi la tatu, ambalo ndilo kubwa zaidi, lilizungushwa na boda likaishia kwenye bustani ya wanyama na ufukwe wa bia. Hapo hawakuona mtaa hata mmoja.

Makosa haya yana chanzo kimoja. Watu huanza na mji na kuyaacha maji yawe ya jioni. Barabara hukungoja, lakini chombo cha majini kina saa yake, na kikiondoka kimeondoka. Kwa hiyo siku hii tunaigeuza: maji asubuhi, soko mchana, mji wa kilimani alasiri, rasi ya Kigungu jioni.

Historia ya mji huu, uliokuwa makao ya serikali ya kikoloni hadi 1962, utaisoma kwingine. Hapa tunatembea.

## Vitu vya kubeba

Kitambulisho cha taifa au pasipoti. Utapita karibu na ikulu, uwanja wa ndege wa kimataifa na kambi ya jeshi la anga. Ukisimamishwa, kitambulisho humaliza maneno upesi.

Noti ndogo. Beba za elfu moja, elfu mbili na elfu tano. Mialoni, yaani kwenye bandari ndogo za wavuvi, hakuna mwenye chenji ya elfu hamsini, na atakayekwambia anaenda kuitafuta atachelewa kurudi kuliko feri. Mobail mani ipo, ila mtandao wa pwani ya ziwa hupotea bila taarifa.

Viatu vya kufunga. Udongo ni mwekundu, na mvua ikinyesha huteleza. Kandambili ziache nyumbani.

Kofia, na maji lita moja na nusu. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wa ziwa unapoza ngozi, kwa hiyo hutahisi jua likikuunguza. Jua lenyewe ni la ikweta, na utalijua usiku ukivua shati.

Koti jepesi la mvua, na mfuko wa nailoni wa kufungia simu. Chini nitaeleza mvua ya Entebbe inavyofanya kazi.

Simu iliyojaa chaji, yenye ramani iliyohifadhiwa. Iamini ramani kwa barabara kuu tu. Haijui geti la jeshi liko wapi, na feri huichora kwa mstari uleule hata siku ambayo iko matengenezoni.

Dawa ya mbu, kwa ajili ya jioni.

Usibebe wala kuvaa nguo yoyote ya mabakamabaka ya kijeshi, iwe kofia, suruali au begi. Uganda raia haruhusiwi kuvaa mavazi hayo, na mji huu una askari wengi wa kukukumbusha. Droni nayo iache, labda uwe na kibali mkononi.

## Lugha: anza na salamu ya wenyeji

Kwa Kiswahili utaelewana na watu wengi mialoni, kwa kuwa wavuvi na wachuuzi hutoka pande zote za ziwa. Lakini Uganda Kiswahili kimezoeleka midomoni mwa askari na polisi. Ukimwendea mama wa nyanya na "Habari, hii bei gani?" kwa sauti kavu, huenda akakudhania ofisa wa kodi au wa samaki.

Anza hivi: *Wasuze otya, nnyabo* asubuhi, au *Osiibye otya, ssebo* kuanzia alasiri. Mpe nafasi ajibu, naye akuulize. Baada ya hapo endelea na Kiswahili chako, na bei utakayopewa itakuwa ya jirani. Beba maswali mawili ya Kiganda: *Ssente mmeka?* kwa bei, na *Ekidyeri ekisembayo kigenda ssaawa mmeka?* kwa kuuliza feri ya mwisho inaondoka saa ngapi. Hili la pili ndilo lenye thamani kuliko maneno mengine yote ya mwongozo huu.

## Hatua ya 1: Chagua siku

Chagua siku ya katikati ya wiki. Mwishoni mwa wiki na kwenye sikukuu Kampala nzima humiminika ufukweni, barabara hujaa, na feri huwa na foleni ya magari.

Juni hadi Agosti, na Januari hadi Februari, ndiyo miezi yenye mvua kidogo. Machi hadi Mei ndiyo mizito, Aprili hasa. Septemba hadi Desemba mvua hurudi, ingawa siku nyingi huwa na vipindi vizuri vya jua.

Usiahirishe safari kwa sababu ya ngurumo za alfajiri. Usiku ziwa hubaki na joto kuliko nchi kavu, hewa hupanda juu ya maji na kujenga mawingu ya radi, nayo mengi humwaga mvua yake kati ya usiku wa manane na asubuhi. Ndiyo maana Entebbe hulowa watu wakiwa usingizini, kisha saa tatu asubuhi jua limetoka. Wengi hutazama dirishani saa kumi na moja alfajiri, hurudi kitandani, na hupoteza siku nzuri.

Siku moja kabla, tafuta mtu wa Entebbe akuhakikishie kwamba feri ya Nakiwogo inafanya kazi. Vivuko hupelekwa matengenezo, na siku hizo mwaloni hubaki mitumbwi tu.

Umefaulu ikiwa: una siku ya katikati ya wiki, na mtu aliyeiona feri kwa macho yake amekuhakikishia kuwa ipo.

## Hatua ya 2: Fika Kitooro kabla ya saa mbili asubuhi

Kutoka Kampala, panda taksi (hapa ndiyo matatu) ya Entebbe kwenye paki ya zamani, na uondoke kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Taksi haiondoki mpaka ijae abiria wake 14, na kila dakika unayongoja inakusogeza kwenye foleni ya Kibuye na Kajjansi. Taksi nyingi hufuata barabara ya zamani: Namasuba, Kajjansi, Kisubi, Abayita Ababiri, Katabi.

Mwambie kondakta "Kitooro" unapopanda, na umkumbushe mkishapita katikati ya mji. Ukisema "Entebbe" tu, atakushusha popote panapomfaa yeye. Kitooro ndiyo Entebbe ya wenyeji: soko, stegi (kituo cha taksi na boda), maduka ya simu, kumbi za mpira. Utapitia hapa tena mara mbili leo, kwa hiyo tazama vizuri unaposhuka. Chukua alama moja ya kudumu, kama kituo cha mafuta au kona ya soko.

Kunywa chai, kula rolex moja. Mayai mawili ndani ya chapati yatakufikisha saa saba bila kelele tumboni.

Umefaulu ikiwa: saa mbili inagonga nawe umeshiba, una chenji, na unajua stegi ya kurudi Kampala iko upande gani wa barabara.

## Hatua ya 3: Tembea hadi Nakiwogo

Ni kilomita tatu hivi kuelekea kaskazini-magharibi. Kwa mwendo wa kawaida utatumia saa moja au pungufu. Waendesha boda watakuita kila hatua, nawe kataa kwa heshima: *Webale, ssebo.* Sababu ya kutembea ni kwamba barabara hii inakuonyesha jinsi mji unavyobadilika. Unaacha fujo za Kitooro, unapita nyumba za watumishi wa serikali zenye miembe mikubwa uani, kisha unateremka taratibu kwenye harufu ya samaki.

Tembea upande wa kulia ili magari yaje ukiyatazama. Sehemu nyingi hazina njia ya watembea kwa miguu, na malori ya samaki hayapungui mwendo.

Ukiona kibao cha Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda kwenye barabara ya Nakiwogo, uko njia sahihi. Taasisi hiyo ilianzishwa 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, na watafiti wake ndio waliokuja kukitambua kirusi cha Zika mwaka 1947, kutoka kwa tumbili aliyewekwa kwenye msitu wa Zika, kando ya barabara ileile uliyojia kutoka Kampala. Msitu ulio nusu saa kutoka hapa umelipa jina lake gonjwa lililotisha dunia nzima, na wapita njia wengi hawajui. Getini usisimame kupiga picha.

Umefaulu ikiwa: barabara inateremka, unaona maji mbele yako, na mizani za samaki zinasikika.

## Hatua ya 4: Tofautisha vyombo vitatu vya Nakiwogo

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, kwa hiyo soma polepole.

Mwalo mmoja una aina tatu za vyombo, na mpiga debe atakuita kwenye chochote chenye kamisheni yake.

Cha kwanza ni feri ya serikali ya Nakiwogo–Buwaya. Ni jukwaa la chuma, pana na la wazi, lenye milango ya kushuka mbele na nyuma, ambalo hubeba magari, boda, ng'ombe na watu. Inavuka mlango wa ghuba hadi Buwaya, upande wa pili wa wilaya ya Wakiso, kisha inarudi. Ni bure. Ukidaiwa tiketi ya feri hii, hata ya shilingi mia tano, unaibiwa. Leo unapanda hii.

Cha pili ni meli ya Kalangala, MV Kalangala. Hii ni meli kamili yenye ghorofa, viti na madaraja ya tiketi. Inakwenda Lutoboka, kisiwa cha Bugala, katika visiwa vya Ssese. Safari ni saa tatu na nusu hivi, na hairudi siku hiyo.

Cha tatu ni mitumbwi ya mbao yenye mashine. Inakwenda visiwa vidogo na vijiji vya ng'ambo, huondoka ikijaa, na nauli ni ya maelewano.

Sasa mtego wa saa. Kwa ratiba iliyozoeleka miaka mingi, meli ya Kalangala hutoka kisiwani saa mbili asubuhi na kuondoka Nakiwogo saa nane mchana. Kwenye karatasi za Kiingereza, saa mbili asubuhi huandikwa 8:00, na saa nane mchana huandikwa 2:00. Namba zimebadilishana viti! Mtu husoma 8:00 ukutani akadhani ni saa nane ya kuondoka, au huambiwa "saa mbili" na mtu anayezungumzia 2:00. Kwa hiyo usiulize "saa ngapi" peke yake. Uliza "asubuhi, mchana au jioni?" kisha onyesha mshale kwenye saa ya simu yako. Hata ofisa wa tiketi hatakuona mjinga, kwa kuwa ameshaona waliolala benchini.

Ukifika tu, kabla ya kuangalia samaki, mwulize mfanyakazi wa feri mwenye kizibao cha kazi maswali mawili: feri ijayo lini, na ya mwisho kutoka Buwaya saa ngapi. La pili mwulize pia muuza maji aliye karibu na geti. Majibu yakitofautiana, fuata lile la saa ya mapema zaidi.

Ukiwa na nusu saa ya kungoja, tembea mwaloni. Mputa ni sangara, ngege ni sato, na mukene ni dagaa wanaoanikwa juani. Ukitaka picha, omba kwanza. Mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kusimamia sheria za uvuvi ziwani, na wavuvi hawapendi mtu asiyejulikana mwenye kamera. Nyavu, mitumbwi na samaki wadogo usivipige picha kabisa. Hata ukiwa na nia njema, picha yako inaweza kumponza mwenye samaki.

Umefaulu ikiwa: umeiona feri kwa macho, unajua safari ya mwisho kutoka Buwaya, na hujatoa shilingi hata moja.

## Hatua ya 5: Vuka hadi Buwaya na urudi

Magari na boda huingia kwanza. Simama pembeni mpaka mfanyakazi aashirie watembea kwa miguu, kwa sababu dereva anayepanda ngazi ya chuma iliyolowa hawezi kufunga breki kwa ajili yako.

Ndani, simama karibu na ukingo wa upande, si katikati ya magari. Kama rafiki yako ana gari, mwambie ashuke, maana hakuna sababu ya mtu kubaki amefungiwa ndani ya gari juu ya maji. Tafuta jaketi za kuokolea ziko wapi. Ukipewa, vaa. Mwezi Novemba 2018 chombo cha starehe kiitwacho MV Templar kilizama ziwani upande wa Mukono, na zaidi ya watu 30 walikufa. Kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi, na ufuo haukuwa mbali. Feri hii ni chombo cha aina nyingine, lakini ziwa ni lilelile.

Safari yenyewe ni fupi. Tazama nyuma: mji unaonekana ni vilima vya kijani tu na paa chache nyekundu. Kutoka ukingoni mwa maji ndipo utaelewa kwa nini wakoloni waliupenda mwinuko huu.

Buwaya si mji. Ni stegi ya boda, vibanda vya chapati, migomba, na barabara inayopanda kuelekea Kasanje. Wanaokuja kutafuta kivutio hurudi wamenuna. Wanaofuata barabara kwa miguu hupata kijiji cha Buganda kikiwa kazini: kahawa imeanikwa kwenye turubai, watoto wa shule, mzee chini ya mti ambaye salamu yake inachukua dakika tano. Zilipe hizo dakika tano.

Kanuni ni moja: tembea nusu saa kwenda, kisha geuka. Usikubali boda ya "hapo tu" kukupeleka Mabamba leo. Kinamasi cha Mabamba, kilicho kwenye orodha ya Ramsar tangu 2006, ndiko watu wanakokwenda kumwona *bulwe*, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Anastahili asubuhi yake mwenyewe, na mtumbwi wenye kiongozi. Ukimchomeka kwenye siku hii utamkosa yeye na Kigungu pia.

Usiingize miguu majini, upande huu wala ule. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani kuna konokono wa kichocho, na minyoo yake hupenya ngozi bila wewe kuhisi. Kama umeshaloweka miguu, nenda kapimwe baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ipo, na kliniki zinaijua.

Ukikosa feri ya kurudi kabisa, usikubali mtumbwi wa gizani. Panda boda au taksi hadi Kasanje, kisha Nakawuka, kisha Kisubi, na hapo uko tena kwenye barabara ya Entebbe. Ni mzunguko mrefu wenye vumbi, lakini ni nchi kavu.

Umefaulu ikiwa: umerudi Nakiwogo kabla ya saa sita mchana.

## Hatua ya 6: Soko la Kitooro na chakula cha mchana

Rudi Kitooro kwa boda, kwani miguu bado ina kazi. Patana nauli kabla ya kupanda, na dai kofia ya chuma.

Kula ndani au kando ya soko, penye watu wengi zaidi. Matooke na ngege wa mchuzi ndicho chakula cha hapa. Kikomando, yaani chapati zilizokatwakatwa na maharage, ni cha mwenye haraka au mwenye mfuko mwembamba. Ukichagua samaki mbichi wa kukaangiwa, tazama macho yang'ae na matamvua yawe mekundu. Macho yaliyozama na kufifia yanasema samaki alifika jana.

Pumzika hadi saa nane. Jua la saa saba si la kupandia mlima.

## Hatua ya 7: Mji wa kilimani

Kutoka Kitooro rudi kuelekea mji wa zamani. Hapa ndipo pana bustani ya mimea, iliyoanzishwa 1898, na uwanja wa gofu wa tangu 1901, ulio mkongwe kuliko vyote Afrika Mashariki. Bustani ina kiingilio, mbega weupe kwa weusi, na miti inayofaa kulalia chini yake. Kila mwongozo umeisifu, kwa hiyo mimi nitapita. Ukiwa umechoka, ikate hii, usikate Kigungu.

Ninachokushauri ni vijia vilivyo kati ya barabara kubwa, kama barabara ya Kanisa na barabara ya Mzunguko. Tafuta nyumba za zamani zenye veranda pana na paa la vigae, zilizoinuliwa juu ya nguzo fupi ili hewa ipite chini. Nyingi bado zinakaliwa na watumishi wa serikali, nguo zimeanikwa verandani na migomba imepandwa mahali palipokuwa na waridi. Huo ndio mji wa kale ulio hai.

Onyo ni moja, lakini zito. Ikulu iko kwenye kilima hikihiki. Usielekeze simu kwenye ukuta wake, geti lake, askari wake wala msafara wa magari. Ukisimamishwa, simama, salimia, onyesha kitambulisho, sema unatembea. Kiswahili hapa ni faida, maana askari wengi hukizungumza vizuri kuliko lugha nyingine ya pamoja. Uwanja wa zamani wa ndege, ule wa uvamizi wa Julai 1976, ni kambi ya jeshi. Hauingiliki kwa kutembea tu, na boda anayekuahidi "najua mtu" hajui mtu.

Umefaulu ikiwa: saa kumi inakukuta bado una nguvu, na hakuna aliyeomba kuona picha zako.

## Hatua ya 8: Kigungu kabla ya jua kuzama

Panda boda tena. Kutoka Kitooro ni kilomita nne au tano, na barabara inazunguka mwisho wa njia ya kurukia ndege. Patana nauli ya kwenda, kungoja na kurudi kwa pamoja, kwa sababu jioni boda za Kigungu huwa chache na bei hupanda.

Kigungu ni rasi ya wavuvi. Hapa ndipo walipotua, tarehe 17 Februari 1879, Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans, wamisionari wa kwanza Wakatoliki kufika Buganda. Kuna kanisa dogo la kumbukumbu karibu na maji. Ingia kimya, vua kofia, na ukikuta watu wanasali subiri nje.

Kisha shuka mwaloni. Mitumbwi ya usiku huandaliwa saa hii: taa, nyavu, chupa za chai. Tazama pia mstari wa ardhi na maji. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya rekodi ya 1964, na mialo mingi ya pwani hii ilifunikwa. Ukiona msingi wa nyumba ulio wazi karibu na maji, muulize mzee aliye karibu, usikisie.

Wakati mwingine wingu jeusi huinuka juu ya maji kama moshi. Ni vijidudu vya ziwani, haviumi, ila funga mdomo.

Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kumi mwaka mzima. Paka dawa ya mbu, na uwe juu ya boda kabla giza halijaingia.

Umefaulu ikiwa: saa moja jioni uko stegi ya Kitooro. Chagua taksi iliyokaribia kujaa hata kama kiti kilichobaki ni kibaya. Ile tupu yenye muziki mzuri itakulaza Kajjansi.

## Kwa wanaotaka kulala kisiwani

Kama umeusoma mtego wa saa ukasema "basi mimi naitaka hiyo hiyo meli," fanya hivi. Acha hatua ya 5. Fika Nakiwogo saa tano na ukate tiketi dirishani tu, si kwa mtu aliyesimama njiani. Daraja la pili latosha, lakini wahi kiti cha upande ulio kinyume na jua la alasiri. Meli inaelekea kusini-magharibi, kwa hiyo jua litakuwa kulia na mbele yako, basi kaa kushoto.

Weka nafasi ya kulala kabla ya kuondoka Entebbe. Utafika Lutoboka saa kumi na moja na nusu hivi, na mji wa Kalangala uko juu ya kilima, kwa boda.

Meli ya kurudi inaondoka saa mbili asubuhi kamili. Uwe gatini saa moja na nusu. Ikikuacha, usingoje siku nzima: vuka kisiwa hadi Luuku, panda feri ya bure ya kwenda Bukakata, na kutoka hapo kuna taksi za Masaka. Masaka hadi Kampala magari hayakosekani mpaka usiku.